Mwanafunzi wa Uuguzi Ajielekeze, Lakini Asiachwe

Kaa na wakufunzi wa chuo cha uuguzi wakati wa chai ya saa nne, hutasubiri sana kuwasikia wakisema kwamba wanafunzi wa siku hizi hawajisomei. Wanangoja madesa, wanapiga picha ubao kwa simu, wanasambaziana mitihani ya miaka ya nyuma kwenye kundi la WhatsApp, na usiku wa kuamkia mtihani wanapiga msuli mpaka alfajiri kwa hofu ya sapu. Vuka ua uende kwenye kivuli walikojikusanya wanafunzi hao hao, utasikia upande wa pili wa shauri. Hatufundishwi, wanasema. Tunapelekwa wodini, tunapangiwa zamu, tunaambiwa tujifunze, kisha mwalimu tunamwona siku ya tathmini.

Ukizisikiliza vizuri lawama hizi mbili, utaona zinahusu jambo moja. Vyuo vyetu vimelipokea wazo zuri, kwamba mwanafunzi mtu mzima ajielekeze katika kujifunza, lakini katika utekelezaji wazo hilo limegeuka kuwa ruhusa ya kumwacha. Mwalimu anaona ametimiza wajibu kwa kumwachia mwanafunzi uhuru, na mwanafunzi anaona ametelekezwa. Anayelipia gharama ni mgonjwa.

Msimamo wangu ni huu: kujielekeza kunazaa umahiri wa kazi pale tu ambapo kuna mtu anayemwona mwanafunzi akifanya kazi, kisha akamwambia alichokiona. Pasipo mtu huyo, bidii yote ya mwanafunzi inaweza kumfikisha kwenye cheti na kujiamini, na isimfikishe kwenye ustadi.

Tuanze na wazo lenyewe, maana limepotoshwa. Mmarekani Malcolm Knowles, ambaye jina lake halikosekani kwenye masomo ya elimu ya watu wazima, alilieleza mwaka 1975. Kwa maelezo yake, mtu anayejielekeza huanza yeye mwenyewe, kwa kusaidiwa au bila kusaidiwa, kutambua anachohitaji kujifunza, kujiwekea malengo, kutafuta vyanzo, kuchagua njia ya kujifunza na kupima matokeo. Hapo hakuna panaposema mwalimu aondoke. Kazi ya mwalimu inabadilika kutoka kumimina maarifa kwenda kuuliza, kuelekeza na kupima. Hiyo ni kazi nzito kuliko kusoma slaidi mbele ya darasa, wala si nyepesi kama wengi wanavyodhani.

Mfano wa wodini utaonyesha ninachosema. Mwanafunzi wa mwaka wa pili anamkuta mzee aliyelazwa kwa tatizo la moyo, miguu imevimba, anatumia furosemidi. Mwanafunzi wa kawaida ataandika kwenye daftari jina la ugonjwa, dawa na dozi, basi. Anayejielekeza atajiuliza kwa nini mzee huyu anapimwa uzito kila asubuhi kabla ya chai. Jioni atalitafuta jibu: maji yaliyojikusanya mwilini yana uzito, na mizani inaweza kuyatambua kabla ya jicho. Kesho yake ataifungua chati ya maji yanayoingia na yanayotoka, atagundua mkojo wa usiku haukuandikwa, na atamwendea sista wa zamu kumwuliza watajuaje kama dawa inafanya kazi, iwapo hakuna aliyepima. Swali moja kuhusu mgonjwa mmoja limemfundisha fiziolojia, dawa na utunzaji wa kumbukumbu kwa mpigo, na pengine limemsaidia mzee.

Mwanafunzi huyo hakuibuka hivihivi. Kuna mahali alizoezwa kuuliza, na kuna sista aliyemjibu bila kumkaripia. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa.

Mtaala wa stashahada ya uuguzi na ukunga hapa Tanzania, wenye ngazi ya 4 hadi ya 6 katika mfumo unaosimamiwa na Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi, NACTVET, umejengwa juu ya umahiri. Krediti moja huhesabiwa kuwa saa 10 za kujifunza, na ndani yake zimo za darasani, za mazoezi na za kujisomea. Maana yake saa za kujisomea ni sehemu halali ya mafunzo kama zilivyo saa za mhadhara. Ila saa za mhadhara zina mahudhurio, ratiba na mtu wa kuulizwa. Saa za kujisomea zinabaki kwenye karatasi, na hakuna anayejua zilizaa nini mpaka mtihani ufike. Na mtihani wa kuandika unapima kidogo sana kati ya yale yanayotakiwa wodini.

Mwulize mwanafunzi wa mwaka wa tatu, darasani, dozi ya kuanzia ya magnesiamu salfeti kwa mama mwenye kifafa cha mimba. Atakujibu bila kupepesa macho: gramu 4 kwenye mshipa, polepole, na gramu 10 kwenye misuli, 5 kila tako. Ataongeza kwamba kabla ya dozi inayofuata ni lazima kuhakikisha goti bado linaruka likigongwa, kupumua hakujashuka chini ya mara 16 kwa dakika, mkojo haujapungua chini ya mililita 30 kwa saa, na kalsiamu glukoneti iko karibu endapo dawa itazidi. Mpe alama zote, amestahili.

Sasa mpeleke leba saa tisa usiku. Mama anatetemeka mwili mzima, povu mdomoni, ndugu wanapiga kelele mlangoni. Dawa iliyoko mkononi ni ya asilimia 50. Zile gramu 4 alizozitaja kwa ufasaha ni mililita 8 za dawa hiyo, na ili iingie kwenye mshipa kwa usalama anatakiwa aongeze mililita 12 za maji ya sindano ipatikane mililita 20 ya asilimia 20. Hesabu yenyewe ni ya shule ya msingi. Lakini bomba la mililita 20 halionekani kwenye trei, vidole vinateleza kwenye shingo ya ampuli, mwenzake anauliza kama mshipa umepatikana, na hakuna aliyewahi kumwona akiichanganya dawa hii hata kwa maji matupu. Anajua kila kitu na hawezi kufanya lolote.

Mwaka 1990 mtaalamu wa elimu ya tiba George Miller aligawa umahiri katika ngazi nne: kujua, kujua namna ya kufanya, kuonyesha unavyofanya, na kufanya kweli kazini. Mitihani ya kuandika inaishia ngazi ya pili. Mitihani ya vituo, ambapo mwanafunzi hupita meza moja baada ya nyingine akionyesha ujuzi mbele ya mtahini, iliyoanzishwa na Ronald Harden na wenzake huko Dundee, Scotland, mwaka 1975, inafika ngazi ya tatu. Ngazi ya nne haina mtihani. Inaonekana wodini tu, na inaonekana iwapo kuna mtu anayeangalia.

Huu si mjadala wa wazungu na vitabu vyao. Ushahidi mzito kuliko wote ninaoujua umetoka hapa kwetu, Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, wilayani Mbulu, mkoani Manyara. Mwaka 2010 watoa huduma wa Haydom walipewa kozi ya siku moja ya kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua. Kanuni ya mafunzo hayo ni kwamba dakika ya kwanza ndiyo dhahabu: mkaushe mtoto, msisimue, safisha njia ya hewa inapobidi, na akiwa bado hapumui mpulizie hewa kwa mfuko na barakoa kabla dakika haijaisha. Miezi saba baadaye walipimwa tena kwa mwanasesere. Waliofaulu zoezi la kumsaidia mtoto asiyepumua walipanda kutoka asilimia 18 hadi asilimia 74. Kwa chuo chochote hayo ni matokeo ya kupigiwa makofi, na wengi wangeishia hapo wakaandika ripoti.

Watafiti wa Haydom hawakuishia hapo. Walikuwa na watu waliokuwa wakiangalia vizazi halisi leba na kuandika kila kilichofanyika na muda wake. Rekodi hizo zilionyesha kwamba huduma kwa watoto wenyewe haikubadilika. Wale wale waliofaulu mbele ya mwanasesere, wakirudi kitandani walifanya kama zamani. Ripoti ya jambo hilo ilichapishwa mwaka 2013, na ningependa kila mkuu wa chuo cha afya aisome kabla hajajisifia kiwango cha ufaulu.

Kilichofuata ndicho kinachonigusa zaidi. Kuanzia mapema mwaka 2011 hospitali ile ilibadilisha utaratibu. Mwanasesere aliwekwa palepale kazini. Ni mdoli anayejazwa maji ili awe na uzito wa kichanga, mwenye vipira pembeni ambavyo mwenzako akivibinya, kitovu kinapiga au kifua kinapanda. Wakunga walifanya zoezi la dakika 3 hadi 5 kila wiki, na dakika 40 kila mwezi, wakiongozwa na wenzao wa hapohapo. Haikuhitajika safari ya semina wala hoteli. Katika mwaka uliofuata vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2015.

Baadaye mbinu hiyo ilipanuliwa hadi hospitali na vituo 30 katika mikoa mitano: Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza. Mazoezi mafupi ya mara kwa mara yaliunganishwa na vifaa vipya vya kusikiliza mapigo ya moyo wa mtoto na kumpulizia hewa, pamoja na takwimu za kituo ambazo wafanyakazi wenyewe walizitumia kuamua wafanye zoezi gani. Matokeo yake, yaliyohusu karibu vizazi 300,000, yalitolewa mwaka 2025 katika jarida la tiba la New England la Marekani. Vifo vya watoto ndani ya siku ya kwanza vilipungua kwa takriban asilimia 40. Vifo vya mama vilishuka kutoka takriban 240 hadi takriban 60 kwa kila vizazi 100,000.

Najua mtu atasema wale walikuwa wakunga walioajiriwa, si wanafunzi, na kwamba vifaa vilichangia. Ni kweli. Lakini hebu angalia walichokifanya. Walitazama takwimu za wodi yao wakatambua udhaifu wao, wakachagua zoezi, wakafanya, wakapima matokeo. Hayo ndiyo maelezo ya Knowles neno kwa neno, yakiwa yamevaa glovu. Tofauti ni kwamba hawakujipima kwa kujiuliza kama wanajisikia wameiva. Walikuwa na mwenzao anayewaangalia, na walikuwa na takwimu. Kama wakunga wazoefu walihitaji hayo, mwanafunzi wa mwaka wa pili anahitaji zaidi.

Hapo ndipo penye kiini cha hoja yangu, kwa sababu binadamu ni hakimu mbaya wa kazi yake mwenyewe. Mwaka 2006 Dave Davis na wenzake walichapisha katika jarida la chama cha madaktari wa Marekani uchambuzi wa tafiti zilizolinganisha jinsi madaktari wanavyojipima na jinsi wanavyopimwa na wengine. Kati ya milinganisho 20, 13 ilionyesha uhusiano mdogo, au hakuna uhusiano kabisa, au kinyume chake. Waliokosea zaidi kujipima walikuwa wale wenye ujuzi mdogo na wale wenye kujiamini kuliko wote. Hao ni madaktari waliokwisha kufuzu. Sisi tunamwachia kijana wa miaka 20 aamue mwenyewe kama ameshaweza kuingiza mpira wa mkojo bila kupeleka vijidudu kwenye kibofu cha mtu.

Hata kipimo kinachotumika sana duniani kupima utayari wa mwanafunzi wa uuguzi kujielekeza, kile cha Murray Fisher, Jennifer King na Grace Tague wa Australia cha mwaka 2001, ni dodoso la vipengele 40 ambalo mwanafunzi analijaza mwenyewe: anajisimamia vipi, ana hamu gani ya kujifunza, anajitawala kiasi gani. Ni chombo chenye manufaa kwa kujua mwelekeo wa darasa. Ila alama kubwa kwenye dodoso haimwambii mtu yeyote kama huyo aliyelijaza anaosha mikono kabla ya kufunga kidonda.

Chombo tulichonacho cha kuziba pengo hilo ni logibuku, kile kitabu ambacho kila ujuzi una mstari wake na kila mstari una nafasi ya saini. Kwa nia yake ni chombo bora. Kwa matumizi yake, nenda wodini siku ya mwisho ya mzunguko uone. Wanafunzi wamepanga foleni mlangoni mwa muuguzi msimamizi, kila mmoja na kitabu chake kimefunguliwa ukurasa wa kwanza.

"Hii ya kuingiza mpira wa mkojo, ulifanya?"

"Nilifanya, sista."

"Na hii ya kumlisha mgonjwa kwa mrija?"

"Nilifanya, sista."

Saini, saini, saini, muhuri, mwingine aje. Wiki kadhaa za mafunzo zinathibitishwa kwa muda ambao hautoshi kuchemsha chai. Simlaumu sista. Ana wodi nzima, ana ripoti ya kukabidhi, ana dawa za mchana, na wanafunzi hawa wameletwa na basi kutoka vyuo vitatu tofauti bila chuo chochote kukaa naye kumweleza anatarajiwa kufanya nini. Hakuna aliyempa muda wala posho wala hata barua ya shukrani. Anafanya kile ambacho mfumo unamruhusu kufanya. Lakini tusijidanganye kwamba saini ile ni ushahidi wa umahiri. Ni ushahidi kwamba mwanafunzi alifika.

Wapo watakaosema wauguzi wa zamani walijifunza kwa kutumwa na kukaripiwa, hawakuwa na walezi wala mrejesho, na wakawa hodari kutushinda. Naukubali uhodari wao. Ila wengi wao walifunzwa katika shule zilizokuwa ndani ya uzio wa hospitali, wakilala bwenini hatua chache kutoka wodini, chini ya matroni aliyejua kila mmoja anatandika kitanda vipi. Ukali wake ulikuwa na jicho nyuma yake. Sisi tumebaki na ukali, tukapoteza jicho.

Na ukali bila jicho una madhara yake. Mwanafunzi anayeuliza sana wodini huitwa mjuaji. Akisema kwamba darasani walifundishwa tofauti, anaambiwa arudi huko darasani kwake. Baada ya mara mbili tatu anajifunza somo ambalo halimo kwenye mtaala: nyamaza, fuata, usionekane hujui. Huyo hawezi kujielekeza hata ukimpa maktaba nzima, kwa sababu hatua ya kwanza ya kujielekeza ni kukiri hadharani kwamba jambo fulani hulijui. Anapouliza "Sista, samahani, kwa nini huyu hajapewa dawa ya saa mbili?", jibu atakalopewa litaamua kama atauliza tena siku ambayo dawa imekosewa kweli.

Tuseme ukweli pia kuhusu simu. Vijana hawa wana vyanzo vya maarifa ambavyo mwalimu wao hakuviota: video, miongozo ya Wizara ya Afya, programu za kukokotoa dozi, na sasa akili mnemba inayojibu swali lolote kwa lugha yoyote. Wodi nyingi zinawakataza kushika simu, na sababu ipo: faragha ya mgonjwa, na kijana anayechati wakati dripu imekwisha. Matokeo yake ni kwamba mwanafunzi huenda chooni kuangalia dozi. Ingekuwa heri kuwe na mahali na muda unaojulikana wa kuangalia, mbele ya mtu mwenye uzoefu anayeweza kusema, hiyo ni ya mtu mzima, huyu wetu ni mtoto wa kilo 9. Jibu la kwenye kioo halimjui mgonjwa wa kitanda cha tano.

Historia ya nchi hii inatuunga mkono. Mwaka 1973 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walikutana katika vikundi takriban 75,000 kusikiliza vipindi vya redio kuhusu malaria, kichocho na magonjwa mengine, wakajadiliana, wakakubaliana la kufanya, kisha wakatoka kwenda kuchimba vyoo na kusafisha mazingira. Wengi wao walikuwa wakulima ambao hawakuwa na shule ya maana. Walijielekeza, naam, lakini kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyefunzwa, kitabu mkononi na kazi ya kuonekana mwishoni mwa kila somo. Choo kilichimbwa au hakikuchimbwa, na jirani alikiona.

Majirani zetu wa Kenya nao wana la kutufunza. Mwaka 2005 shirika la AMREF, kwa kushirikiana na Baraza la Wauguzi la Kenya na kampuni ya Accenture, walianzisha mafunzo kwa njia ya kompyuta ili kuwainua wauguzi zaidi ya 20,000 wa ngazi ya cheti wafikie stashahada bila kuacha kazi. Walisoma nadharia wenyewe, kwa kasi yao, wengine wakiwa hawajawahi kugusa kompyuta. Sehemu ya vitendo haikuachiwa kompyuta. Ilifanyika hospitalini, chini ya wasimamizi. Waliopanga mafunzo yale walijua mpaka wa kujisomea uko wapi.

Nini kifanyike, basi? Sidai majengo mapya wala mtaala mpya. Nadai mambo machache yanayowezekana muhula ujao.

Kwanza, mwanafunzi asipelekwe wodini, apelekwe kwa mtu. Kila zamu ijulikane nani ni muuguzi mlezi wake, na mlezi huyo apewe maelekezo na chuo kabla wanafunzi hawajafika. Kazi ya ulezi ihesabiwe kwenye tathmini yake ya utendaji, na iingizwe kwenye mafunzo endelevu ya kitaaluma ambayo Baraza la Uuguzi na Ukunga linayahitaji katika kuhuisha leseni. Mtu anayefundisha anajifunza. Si haki kumlipa mhudhuria semina na kumsahau yeye.

Pili, logibuku isainiwe siku ileile, na kando ya saini iandikwe sentensi moja ya alichokiona mlezi. "Ameosha mikono, ameandaa trei sawasawa, amesahau kumfunika mgonjwa." Sentensi ya namna hiyo ina thamani kuliko mihuri mia, kwa sababu inampa mwanafunzi kitu cha kwenda kujisomea usiku huo. Na ujuzi ambao hakuna aliyeuona uachwe wazi. Mstari mtupu ni taarifa ya kweli. Saini ya uongo ni hatari.

Tatu, mwanasesere atoke kwenye kabati la maabara ya ujuzi, ambako mara nyingi yuko chini ya kufuli kusubiri wakaguzi, akae wodini. Dakika tano za mwanzo wa zamu ziwe za zoezi moja, wanafunzi na waajiriwa pamoja: leo kumpulizia mtoto hewa mara 40 kwa dakika, kesho kuchanganya magnesiamu kwa maji matupu, keshokutwa kumgeuza mgonjwa aliyepooza. Anayesema hakuna muda aulizwe wakunga wa Haydom waliupata wapi.

Nne, saa za kujisomea zidaiwe matunda. Kila wiki mwanafunzi aje na swali moja lililotoka kwa mgonjwa aliyemhudumia, aeleze alikotafuta jibu na alichobadilisha katika huduma. Mkufunzi mmoja anaweza kusikiliza maswali kumi kwa saa moja akiwa wodini, na saa hiyo itamwonyesha mengi kuliko kusahihisha rundo la karatasi. Wakaguzi wa vyuo nao waache kuhesabu viti na vitabu pekee. Waombe kumwona mwanafunzi akifanya, na waulize ni nani amekuwa akimwona.

Kwa wanafunzi sina maneno laini. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mlezi hatakufuata kwenye foleni ya chakula kukuomba akuangalie ukipima presha. Mwite wewe: "Sista, naomba unitazame, kisha uniambie nilipokosea." Sentensi hiyo ni ngumu kuitamka kuliko kukariri kurasa hamsini, na ndiyo inayotenganisha anayejisomea kwa ajili ya mtihani na anayejifunza kwa ajili ya kazi. Madesa yatakuvusha chuoni, na leseni utaipata. Baada ya hapo utakuwa zamu ya usiku peke yako na wodi nzima.

Na wewe msomaji ambaye mwanao, mdogo wako au mpwa wako yuko chuo cha uuguzi, acha kumwuliza amepata alama ngapi. Mwulize wiki hii amemhudumia nani, amefanya nini kwa mikono yake, na nani alikuwepo kumwona. Akikosa jibu la swali la mwisho, usimkasirikie yeye. Kipigie simu chuo chake uwaulize wao, kwa sababu ada unayolipa ni ya kumfundisha mtu, na mwanafunzi ambaye hakuna aliyemwona akifanya kazi bado hajafundishwa.